Kabine si cheo: namna kundi la wamama linavyogawana nafasi ndani ya boti ya usiku



Kiangazi kimefika. Toka mwezi wa sita mpaka wa nane mvua inatupumzisha, watoto wako kwenye likizo, harusi zinafuatana, na wamama wanaanza kuvuka ziwa. Hawa wanatoka Bukavu kwenda Goma kusindikiza bibi harusi. Wale wanatoka Goma kuja Bukavu kwa mkutano, kwa ubatizo ao kwa kilio. Mtu akisafiri peke yake kazi ni ndogo: analipa, anapanda, anashuka. Lakini wamama kumi na wawili wakisafiri pamoja, na watoto, sufuria na vitenge vya sare, kuna swali linalowasumbua kuliko bei yenyewe: nani alale ndani ya kabine, na nani abaki kwenye kiti?

Tumeona makundi yaliyochanga pamoja miaka mingi bila ugomvi yakikwaruzana kwa ajili ya kitanda cha usiku mmoja. Shida si kitanda. Shida ni kwamba kwetu kabine imegeuzwa kuwa cheo: mkubwa analala, mdogo anakesha. Wiki hii tunataka kuwaeleza njia nyingine, ile ambayo kundi letu lilifuata kwenda harusi ya mtoto wa mwenzetu, na ambayo tunaona inaweza kusaidia kundi lolote.

Njia yenyewe

Kutoka Bukavu mpaka Goma kwa ziwa ni karibu kilometa mia moja. Kanoti za mwendo wa kasi zinamaliza njia hiyo mchana, kwa masaa matatu hivi. Boti kubwa za usiku zinaondoka jioni na kufika alfajiri. Hazina haraka. Makundi yanazipenda kwa sababu zinapakia mizigo mingi, na kwa sababu usiku unaolala ndani ya boti ni usiku ambao hutafuti mahali pa kulala mjini.

Tena ni safari nzuri. Boti ikiacha gati, Bukavu inabaki nyuma na rasi zake zilizoingia majini kama vidole vya mkono, taa zikiwaka moja moja kwenye vilima. Giza likishaingia, Idjwi inaonekana kama mgongo mweusi, na juu ya maji kuna taa za wavuvi wa sambaza, na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Samaki hao wadogo wenyewe ni wageni kwetu: waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni mboga ya kila nyumba. Asubuhi, kama hakuna mawingu, mlima Nyiragongo unasimama juu ya Goma, na ukishuka unakuta mawe meusi yaliyoachwa na moto wa mwaka 2002.

Lakini uzuri huo anauona mtu aliyepumzika. Ziwa Kivu liko juu sana, karibu meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku upepo wake ni baridi ya kweli, hata wakati wa kiangazi. Na mawimbi yake hayana desturi ya kuomba ruhusa. Ndiyo maana mahali unapokaa ndani ya boti si jambo la maringo tu. Ni jambo la mgongo, la tumbo, la kibofu, na siku mbaya ikija ni jambo la uhai.

Ijueni boti kabla ya kuchagua

Kila boti ina mpangilio wake, lakini nyingi zinafanana. Chini kabisa ni mizigo: mifuko ya maharagwe, ndizi, simenti, kreti za vinywaji. Juu yake kuna ukumbi wa mabenchi ao viti, wa bei ya chini. Orofa inayofuata ina viti vizuri zaidi. Kabine ziko mara nyingi orofa za juu, na zile za bei kubwa kuliko zote zinawekwa juu mbele, karibu na kapiteni, ambapo mtu anaona ziwa lote.

Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Mahali pa bei kubwa si lazima pawe mahali pa utulivu. Boti inapopanda na kushuka kwenye mawimbi inafanya kama ubao wa watoto wa kubembea: mwisho mmoja unapanda, mwingine unashuka, na katikati hapasogei sana. Mbele ndiko kunakopiga wimbi. Nyuma ndiko kwenye moteri, na kelele, joto na harufu ya mazutu. Na kadiri unavyopanda juu, ndivyo boti inavyokuyumbisha kulia na kushoto, kama mtu aliyepanda kwenye tawi la juu la mparachichi. Kwa hiyo mama mwenye tumbo dhaifu akipewa kabine ya juu mbele, ile ya heshima, atatapika usiku kucha kwa bei kubwa. Kwa afya yake, kabine ya katikati, isiyo juu sana, ni bora hata kama ni ya bei ndogo.

Lakini msishuke chini kupita kiasi pia. Ukumbi wa chini unatulia, ila una watu wengi, hewa ni kidogo, na ngazi ni moja ao mbili tu. Kanuni yetu ni hii: katikati ya boti, karibu na mlango ao ngazi, na choo kisiwe mbali lakini kisiwe ukuta kwa ukuta. Choo cha boti saa nane ya usiku si jirani mzuri.

Wenzetu wa Uvira, Baraka na Kalemie wanaijua meli Liemba ya ziwa Tanganyika. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipandevipande mpaka Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza na kurudi kazini mwaka 1927. Mwaka 1997 ilirudisha nyumbani maelfu na maelfu ya wakimbizi wetu waliokuwa Tanzania. Tunaitaja hapa kwa sababu kabine zake za daraja la kwanza zilikuwa za vitanda viwili viwili. Mnaona tofauti? Kabine ya vitanda viwili inagawa kundi kuwa jozi. Ya vitanda vine inaweka familia pamoja. Kabla ya kuuliza bei, ulizeni idadi ya vitanda, kwa maana hiyo ndiyo itakayoamua nani yuko na nani usiku.

Anzeni na asiyeweza, msianze na aliye mkubwa

Sisi tulikuwa wamama kumi na wawili na watoto watatu, mmoja wao bado ananyonya. Mfuko wetu uliweza kulipa kabine moja ya vitanda vine, wengine wote wakae kwenye viti. Siku ya kupanga, mhazini wetu alikuja na karatasi ambayo juu yake jina la mama mwenyekiti lilikuwa limeshaandikwa kwenye kitanda cha kwanza. Hakuna aliyemtuma, alifanya kwa heshima. Mama mwenyekiti alisoma, akauliza: «Mimi ninaumwa nini?» Wote tukacheka, naye akachukua kalamu akalifuta jina lake mwenyewe. Kuanzia hapo kazi ikawa rahisi, kwa sababu kama mkubwa ameshuka, nani atapanda juu ya wenzake?

Tukauliza swali moja tu: usiku wa kukaa kwenye kiti, masaa kumi na zaidi, utamuumiza nani? Mama mwenye mtoto wa kunyonya akawa wa kwanza. Dada mwenye mimba ya miezi sita akawa wa pili, baada ya kwenda kumwona muuguzi wake na kukubaliwa kusafiri. Wa tatu ni mwenzetu ambaye hata kwenye gari la Uvira anatapika. Wa nne, tulisema wote kwa sauti moja, ni mama mzee wetu, mwenye miaka zaidi ya sabini.

Mama mzee akakataa. Alisema kwamba hawezi kufungiwa ndani ya chumba kidogo juu ya maji kama kuku ndani ya tenga. Anataka kiti karibu na mlango, aone watu wakipita, na blanketi mbili. Baadhi yetu tulitaka kumlazimisha kwa upendo. Mama mwenyekiti akasema: «Mzee ameongea.» Akapewa kiti chake karibu na mlango, na kijana wetu mmoja wa kukaa naye.

Tukajifunza kwamba umri peke yake hauonyeshi hitaji. Mtu lazima aulizwe. Na hapa, wamama, tunaomba msikilize vizuri, kwa sababu ni jambo ambalo halisemwi kwenye mkutano. Katika makundi yetu mengi yuko mama asiyeweza kuzuia mkojo vizuri, kwa sababu ya uzazi mgumu ao ya mateso ya vita. Yuko aliyetoka kupasuliwa. Yuko anayekunywa dawa kila usiku na hataki zionekane. Yuko anayeogopa giza kwa sababu anazozijua mwenyewe. Tunaishi katika mji ambamo hospitali ya Panzi imepokea wamama wengi wenye fistula. Hatuwezi kujifanya hatujui. Mama kama huyo akiulizwa mbele ya watu «wewe una shida gani?» atajibu «sina», na atakesha usiku mzima kwenye kiti bila kunywa hata maji, akiogopa kuinuka.

Kwa hiyo mhazini wetu ao mama mwingine anayeaminiwa apite kwa kila mmoja nyumbani, peke yake, aulize kwa sauti ndogo: «Usiku, unataka kuwa karibu na nini? Choo, mlango, ao mtu fulani?» Aulize wote maswali yaleyale, hata wale wazima, ili hakuna atakayejulikana kwa kuulizwa. Kisha apange nafasi bila kueleza sababu. Kundi likiuliza kwa nini mama fulani ameketi pale, jibu ni moja: «Ndivyo tulivyopanga.»

Kitanda alichokiacha mama mzee tulikifanya kitanda cha zamu. Toka saa mbili ya usiku mpaka saa kumi ni masaa manane. Tukagawa zamu nne za masaa mawili mawili. Wamama wanne waliokuwa wamechoka zaidi na kazi za harusi wakapata kila mmoja usingizi wa kunyoosha miguu. Masaa mawili ya kulala chali yanatosha mtu kushuka asubuhi akiwa na akili yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa franka

Nendeni wawili kwenye ofisi ya tiketi, mchana, siku moja ao mbili kabla. Kama wanakubali, ombeni kuingia ndani ya boti mkaone kwa macho. Kisha ulizeni hivi:

Je, mnauza kitanda ao mnauza kabine nzima? Hili ni swali la kwanza kwa wamama. Kama wanauza kitanda kimoja kimoja, na ninyi mko watatu kwenye kabine ya vitanda vine, kitanda cha nne kinaweza kuuzwa kwa mtu msiyemjua, hata mwanaume. Basi mlipe vyote vine, ao mpange hesabu yenu ijaze kabine. Mama asilale kabine moja na mgeni kwa sababu tu tulikosa bei ya kitanda kimoja.

Mlango unafungwaje? Jaribuni ufunguo ao komeo kutoka ndani, na hakikisheni unafunguka haraka gizani. Dirisha linafunguka? Chumba cha watu wanne na mtoto bila hewa ni mateso. Na kwa ajili ya hewa hiyo hiyo, mtu yeyote asiwashe jiko la makala ndani ya kabine ili kupasha maji ya mtoto. Moshi wa makala unaua watu wakiwa wamelala. Bebeni termosi mbili za maji ya moto kutoka nyumbani.

Majile ya kujiokoa yako wapi, ni mangapi, na ya watoto yako? Tutarudi kwenye hili.

Kitanda cha chini ni kwa nani? Hilo mnalijibu wenyewe: cha chini ni cha mwenye mimba, mwenye mtoto na mwenye magoti mabaya. Mtoto alale upande wa ukuta, mama upande wa nje. Vijana wapande juu, wana miguu ya kupanda.

Hesabu isiyoleta manung'uniko

Sasa tuongee franka, kwa maana hapo ndipo maneno yanapozaliwa. Bei zinabadilika, kwa hiyo hizi ni za mfano tu. Tuseme kiti ni dola 10 na kitanda ni dola 25. Wamama wako 12: viti 8 ni dola 80, vitanda 4 ni dola 100, jumla dola 180. Gawanyeni kwa 12: kila mama anatoa dola 15, awe amelala ao amekaa.

Wengine watasema: «Mimi nimekaa kwenye kiti cha dola 10, kwa nini nitoe 15?» Jibu ni kwamba zile dola 5 ni mchango wako kwa mwenye mimba na mwenye mtoto, kama vile ungechanga siku ya kilio. Leo ni yeye, kesho ni wewe. Kundi ambalo haliwezi kukubaliana juu ya dola 5 za mwenzao, lijiulize kama limeungana kweli. Na kama kuna mama ambaye dola 15 ni nyingi, semeni mapema, kwa siri, ili mfuko wa kundi umjazie. Msisubiri gatini.

Kuna jambo la pili, na msilichanganye na la kwanza. Mwenzetu mmoja, anayefanya biashara ya vitenge, alitaka kabine ya bei kubwa, si kwa ugonjwa, kwa raha tu. Ni haki yake. Alilipa yeye mwenyewe kilichozidi, mfuko wa kundi haukuguswa. Tulimwomba kitu kimoja tu: asilale peke yake. Akamchukua binti mmoja wa kundi kwenye kitanda cha pili. Hitaji linalipwa na wote, raha inalipwa na mwenyewe. Mkiandika hivyo kwenye daftari, hakuna atakayemsema mwenzake vibaya.

Usiku wenyewe

Fikeni gatini mapema, masaa mawili kabla. Mizigo mizito, sufuria kubwa na mifuko, ikabidhiwe na kuandikwa. Msijaze njia ya ukumbi wala mlango wa kabine. Mkoba wa kila mama uwe mdogo: maji, blanketi ao kikwembe kizito, sweta, dawa, tochi, karatasi ya kitambulisho, mfuko wa plastiki kwa anayetapika. Kuleni mapema na kidogo. Bugali na sombe ya mafuta mengi saa moja kabla ya kupanda ni adui wa tumbo; mkate, ndizi na chai ya tangawizi vinatosha.

Kaeni pamoja, hata wale wa viti. Mistari miwili inayofuatana ni bora kuliko kutawanyika kila mmoja na dirisha lake. Sisi tuligawana jozi: kila mama alikuwa na mwenzake wa kumjua aliko. Anayekwenda chooni anamgusa mwenzake begani, wanakwenda wawili. Na wawili wanakesha kwa zamu wakiangalia mikoba. Mama mwenyekiti alichukua zamu ya saa nane ya usiku, ile ambayo hakuna anayeitaka.

Kati ya saa tatu na saa nne upepo ulianza. Boti ikacheza, watoto wakalia, na ukumbini mama mmoja ambaye hakuwa kwenye orodha yoyote ya wagonjwa akaanza kutapika vibaya. Aliyekuwa na zamu ya kitanda alikuwa ndiyo amejifunika. Aliinuka bila kuambiwa, akamshika mwenzake mkono, akampeleka kulala mahali pake. Kwenye daftari zamu ile haikuwa ya mgonjwa. Lakini orodha inaandikwa ili itusaidie, si ili tuitumikie, na kundi lililopanga vizuri mchana linajua pia kubadilisha usiku.

Jile na jina lako

Tumeliacha hili la mwisho, na ni zito kuliko yote. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakingojea kwenye gati ya Kituku. Ilikuwa mchana. Ilikuwa karibu kufika. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, wakati ambapo wengi walikimbilia ziwa kwa sababu ya vita barabarani. Makumi ya watu walikufa, na familia nyingi zilibaki bila kujua hata idadi ya waliopanda.

Ziwa letu lina kina cha zaidi ya meta 470. Kuona mji hakumaanishi umefika. Kwa hiyo, wamama:

Mkiona boti imeshuka majini sana, watu wamejaa kwenye ngazi na mizigo inaendelea kupakiwa, msipande. Harusi itawasubiri. Afadhali kupoteza bei ya tiketi kumi na mbili.

Mkishaingia, kabla ya kutandika, hesabuni majile. Kila mama na kila mtoto awe na la kwake, alijaribu, ajue kulifunga. Jile la mtu mzima linamvuka mtoto kichwani. Mtoto anataka la kimo chake. Sisi tulikuta majile manne ndani ya kabine, yote ya wakubwa. Tulimwomba baharia, akaleta madogo kutoka orofa nyingine. Yalikuwepo, lakini yasingekuja wenyewe. Mtoto mchanga asifungwe mgongoni chini ya jile la mama. Abebwe mbele, mama anamwona. Kikwembe kisibane miguu. Na jile lisivuliwe kwa sababu taa za Goma zimeonekana. Livuliwe mguu ukiwa kwenye gati. Pia msikimbilie wote upande mmoja mkiona ndugu zenu wanawapungia mkono.

Tena kila mmoja aandikwe kwenye orodha ya abiria kwa jina lake kamili. Msiandike «mama fulani na wenzake 11». Watoto pia waandikwe, hata anayenyonya ambaye halipi. Nakala ya orodha hiyo ibaki Bukavu kwa mtu wa kundi asiyesafiri, pamoja na namba za simu za familia. Mtu asiyeandikwa, siku ya shida hakuna anayejua kwamba anatakiwa kutafutwa.

Kwa mkutano wenu wa wiki hii

Kama kundi lenu linajiandaa kuvuka, chukueni nusu saa tu. Chagueni wawili wa kwenda kuona boti. Chagueni mmoja wa kupita nyumba kwa nyumba na swali la siri. Hesabuni jumla, mgawanye sawa. Andikeni jozi. Andikeni majina. Na mama mwenyekiti, tafadhali, kabla mtu hajaandika jina lako kwenye kitanda cha kwanza, chukua kalamu wewe mwenyewe.

Wale watakaosafiri wiki hizi, upepo uwe mwema kwenu. Mkirudi, tuandikieni mlivyogawana nafasi, na mbinu zenu ambazo sisi hatujazijua, tuzipeleke kwa wenzetu wengine.

Safari njema, wamama.